Ng'ombe Ishirini Wasio Wake

Simu ya kuniambia kwamba fundi Loishiye amefariki ilinikuta darasani nikisahihisha michoro ya mageti. Nafundisha uchoraji wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapa Arusha, na kila mwaka muhula wa pili ni wa mapambo: mwanafunzi anachora umbo moja, ua au nyota au kichwa cha twiga, kisha anaiamuru kompyuta ilizidishe mpaka lijaze geti zima. Wanafunzi wanalipenda zoezi hili kuliko yote. Mimi linanitia kinyaa. Kila ninapoona umbo moja likijizaa kwenye kioo, safu baada ya safu, mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyetafuna nzi ndani ya chapati, na wanafunzi wangu wanaamini nina vidonda vya tumbo. Siku ile niliwaambia wafunge kompyuta waende nyumbani. Nikabaki nimekaa peke yangu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimejiahidi kwamba siku moja nitakwenda kumwomba radhi Loishiye, na sasa alikuwa ameshaondoka.

Nilipomfahamu nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikotoka si muhimu. Inatosha kusema niliingia mjini kutoka Kikatiti nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya, na kati ya hivyo viwili kiburi ndicho nilichokitumia zaidi. Nilifanya kazi mwaka mmoja tu katika karakana ya mageti kwenye barabara ya Nairobi, kabla hujafika Ngaramtoni. Mwenye karakana aliitwa Godlisten, mtu mnene wa kucheka sana, aliyekuwa wa kwanza upande ule kununua kompyuta kwa ajili ya kuchorea mageti. Alinipa chumba kilichotengwa na karakana kwa ukuta wa plaiwudi. Kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kama kile wanachofunikia redio sebuleni, na mteja akija Godlisten alikifunua taratibu huku akinitazama, kana kwamba mimi na ile mashine tumenunuliwa pamoja. Chumba kilinuka rangi ya mafuta, chuma kilichoungua na nyama choma. Nyama ilikuwa ya Godlisten. Aliila mezani kwangu, akisimama nyuma ya kiti changu, na akitaka kunionyesha kitu kwenye mchoro alikigusa kwa kidole kile kile. Vibonye vilikuwa na utando wa mafuta ambao niliukwangua kila Jumatatu kwa kijiti cha kiberiti. Mpaka leo siwezi kugusa vibonye vya mtu mwingine bila kuvifuta kwanza.

Upande wa pili wa plaiwudi alikuwapo Loishiye. Alikuwa amefanya kazi pale tangu karakana ikiwa na banda moja la mabati, na mageti yote yaliyowahi kumpa Godlisten jina yalitoka mkononi mwake. Alikuwa Mwarusha mrefu, mkimya, mzee wa kanisa kwao, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi mpaka kwenye viwiko. Kabla sijaja alichora mageti kwa chaki sakafuni, kisha akakata chuma kwa gesi kufuata chaki yake. Saa saba mchana alikaa juu ya mtungi mtupu wa gesi na kula loshoro iliyotoka nyumbani ndani ya kopo la plastiki, ndizi na maziwa ya mgando vilivyopondwa pamoja, na kila siku alinikaribisha. "Binti, karibu. Chakula cha nyumbani hiki." Nami kila siku nilisema nimeshiba. Nilikuwa nimekula loshoro tangu sijaota meno, lakini sasa nilikuwa mtu wa kompyuta, na harufu ya maziwa ile, ikichanganyika na moshi uliokaa kwenye koti lake, niliiona ni uchafu. Niliziba pua kwa leso alipopita. Ningependa kusema leo kwamba hakuona, lakini aliona, kwa sababu wiki chache baadaye alianza kula nje.

Plaiwudi haizuii maneno. Nilimsikia Godlisten mara nyingi akizungumza na wateja wake, na maneno ninayoyakumbuka vizuri kuliko yote aliyasema mapema kabisa, nilipokuwa sijamaliza hata miezi mitatu. "Huyu mzee namvumilia tu," alimwambia mtu ambaye sikumwona. "Saa hizi kazi ni ya kompyuta. Kijana yeyote akipewa karatasi atakata. Ila nikimfukuza hivi hivi watu wa huku watanisusa, ni ndugu zake wote. Nangoja akosee mara moja tu, kosa la kuonekana." Yule mteja akacheka. Mimi niliendelea kuchora. Naliandika hili kwa makusudi, maana kwa miaka mingi nilijifariji kwamba sikujua. Nilijua. Nilijua kwamba kosa moja litamng'oa yule mzee pale, na nilijua hivyo miezi mingi kabla ya kosa lenyewe.

Amri niliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya kuzidisha. Unachora kitu kimoja, unaiambia kompyuta unataka safu ngapi na nafasi kiasi gani, unabonyeza, na kimoja kinakuwa arobaini. Ya pili ilikuwa ya kugeuza: unaweka mstari katikati, na kila kilichoko kulia kinajitokeza kushoto kikiwa kimegeuka, kama uso kwenye kioo. Kwa kuwa mageti yana milango miwili inayokutana katikati, nilichora mlango mmoja tu na kuugeuza, nikawa nimemaliza kabla chai haijapoa. Godlisten aliwaita watu waje waone. Loishiye naye alikuja mara moja, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama ua langu likizaliana, kisha akauliza, "Sasa kila moja umeliangalia saa ngapi?" Nilicheka sana. Nikamweleza kwamba hayahitaji kuangaliwa, yote ni lile la kwanza. Akasema, "Haya," akarudi kazini. Nikalipeleka lile swali kwa Godlisten kama kichekesho, na likawa utani wa karakana nzima, vijana waliokuwa wakipaka rangi walikuwa wakiulizana, "Wewe, lile umeliangalia saa ngapi?"

Ikatokea wakati ule ule Loishiye akabadilisha mchoro wangu mmoja. Nilikuwa nimechora maua yaliyosongamana, naye alipokata akayaachanisha kidogo ili mvua isituame na kuleta kutu. Alifanya vizuri, na geti lile bado lipo, halina kutu mpaka leo. Mteja akalalamika kwamba halifanani na alichoonyeshwa, na Godlisten akamfokea Loishiye mbele ya kila mtu. "Kuanzia leo, karatasi ikitoka kwenye kompyuta ni sheria. Usiongeze, usipunguze." Mtu mwenye umri wa baba yangu alisimama akifokewa, huku tone la mafuta ya nyama likining'inia kwenye kidevu cha Godlisten. Na mimi nilifurahi.

Mzee Saning'o alikuja mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali, amejifunga shuka mbili juu ya koti. Alikuwa amejenga nyumba ya tofali nje kidogo ya Ngaramtoni na alitaka geti lililopambwa vichwa vya ng'ombe wake. Alisisitiza neno wake. Akainama na fimbo akachora sakafuni kichwa chenye pembe pana, kisha akaligusa sikio la kulia na kuchora pengo dogo kwenye ncha yake. Loishiye akaitikia kwa kichwa, akanieleza kwa upole mbele ya mzee, kwa sababu alijua Mmeru kama mimi huenda asijue. "Hii ni alama ya ukoo wake. Ng'ombe wote wa kwao wanakatwa hapa, sikio la kulia. Ukiona pengo hili hata Monduli, unajua ng'ombe ni wa nani." Mzee Saning'o akaniangalia usoni. "Umeelewa, mwanangu?" Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nikifikiria namna nitakavyowasimulia rafiki zangu kwamba kuna mzee anaringia sikio la ng'ombe.

Nilichora kichwa kizuri. Hilo lazima niseme. Nilikiinamisha kidogo kuelekea upande mmoja, pengo likakaa mahali pake, nikakizidisha mpaka mlango wa kwanza ukawa na ng'ombe ishirini katika safu nne. Godlisten akasema, huku akitafuna, "Walioko huku na walioko kule waangaliane." Nikaweka mstari katikati, nikageuza. Ng'ombe ishirini wa mlango wa pili wakageuka kuwatazama wenzao, na kila mmoja pengo lake likahamia sikio la kushoto. Sikuliona. Hata ningeliangalia nisingeliona, kwa kuwa nilikuwa sitazami ng'ombe, natazama jinsi pande mbili zilivyolingana. Nikatoa karatasi mbili, ya mlango wa kulia na ya mlango wa kushoto, nikampa Loishiye.

Alikuja chumbani kwangu mchana ule, karatasi ya pili mkononi. "Binti, hebu angalia hili sikio. Hawa wa upande huu si wa mzee." Nilikuwa nafungua soda. Nikamwambia kompyuta haikosei, imegeuza tu ili pande zilingane. Akaenda. Baada ya kukata vichwa viwili vitatu akarudi, akasimama mlangoni, na safari hii alishika kichwa chenyewe cha chuma. "Naomba unisikilize. Sikio la kushoto ni la ukoo mwingine, na mzee ana ugomvi nao wa siku nyingi, wa mitamba iliyopotea. Acha nikate pengo upande wake." Jibu langu nalikumbuka neno kwa neno. "Mzee, uliambiwa karatasi ni sheria. Kazi yako ni kukata." Akakiangalia kile kichwa, akaniangalia mimi, akaondoka. Alikata vyote ishirini. Kisha akavikunja masikio kwa nyundo, akavichomelea juu ya bati la geti, akapaka rangi, kazi safi kabisa, kwa kuwa hakujua kufanya kazi chafu hata alipolazimishwa kufanya ya uongo.

Geti lilipachikwa siku mbili kabla ya kubariki nyumba, likafunikwa turubai. Siku ya baraka tulialikwa wote. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, tukasogea nje ili mzee mwenyewe alifunue geti, na turubai lilipoanguka mgeni mmoja mwenye umri wake akaangua kicheko. "Saning'o! Hawa wa mkono huu umewachukua lini? Mwenyewe anajua?" Watu wakageuka. Ilianza minong'ono ya Kimaa ambayo sikuielewa na sikuhitaji kuielewa. Mzee Saning'o alipitisha kidole kwenye sikio la kichwa kimoja, akaenda kwa cha pili, na cha tatu, akavigusa vyote alivyovifikia. Nyumba aliyoijenga kwa maisha yake yote ilikuwa imesimama nyuma ya geti linalosema kwamba nusu ya ng'ombe wake ni wa wizi. Hakupiga kelele. Alimwita Godlisten na kumuuliza ni nani aliyefanya hivi.

Godlisten alinigeukia. "Mchoro ulikuwaje?" Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nikavitazama. Nikasema mchoro ulikuwa sahihi. Nikasema fundi huenda aliigeuza karatasi wakati wa kukata. Maneno yalitoka mepesi, hayakunikwaruza hata koo. Loishiye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. "Nilikuuliza mara mbili, binti," akasema. Nikajibu, "Hukuniuliza." Godlisten akawageukia watu akiwa ameinua mikono, na naapa uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa sahani. "Jamani, kati ya kompyuta na mzee, nani anasahau?" Wengine wakacheka. Akamwachisha kazi pale pale, mbele ya mchungaji, mbele ya ndugu zake, na hakuna aliyeweza kumtetea kwa sababu kosa lilikuwa limeshikamana na geti, mara ishirini, kila mtu analiona.

Hata hapo ningeweza kurudi nyuma. Badala yake nilirudi ofisini jioni ile, nikafungua mchoro, nikahamisha pengo kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia kwa kichwa kimoja, nikakizidisha tena, nikatoa karatasi mpya. Karatasi aliyoitumia Loishiye ilikuwa imeungua juu ya chuma, kama ilivyo kawaida. Asubuhi yake Godlisten aliipeleka ile ya kwangu kwa Mzee Saning'o kama ushahidi. Nimekutana na uchafu mwingi maishani, nimemwosha mgonjwa wa kipindupindu kwa mikono hii, lakini sijawahi kugusa kitu kilichonitia kinyaa kama ile karatasi safi, nyeupe, bado ina joto la mashine. Miezi michache baadaye niliacha kazi, nikasingizia masomo. Loishiye hakupata karakana nyingine. Alilima mahindi na maharage mpaka mwisho, na watu waliotaka geti walimwogopa, kwani nani anamtaka fundi anayegeuza alama za watu?

Msibani nilikwenda. Nilikaa hemani kwenye kiti cha plastiki, miongoni mwa watu wengi, na Naserian, bintiye mkubwa, akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto. Alipofika kwenye kazi akasema baba yake alikuwa fundi hodari ambaye katika maisha yake yote ya ufundi alikosea mara moja tu, na kosa hilo alilikiri mwenyewe. Nilisikia vizuri. Alilikiri. Kosa langu lilikuwa limesomwa mbele ya jeneza, pamoja na majina ya wajukuu. Mshereheshaji akauliza kama kuna mtu aliyefanya kazi na marehemu angependa kutoa salamu. Mkono wangu ulibaki mapajani. Baadaye nilipanga foleni ya chakula pamoja na wengine, nikapakuliwa wali na nyama, nikala mpaka nikamaliza, kwa kuwa nilijua watu wangeona nikiacha.

Siku nne baadaye nilirudi. Nilimkuta Naserian jikoni akichambua mchele, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, tangu sikio mpaka karatasi. Sikulia, na nashukuru sikulia, maana machozi yangu yangekuwa uchafu mwingine. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, watu wote wale walisikia baba alikosea. Wewe umekuja kuniambia mimi, peke yangu, jikoni." Nikamuuliza anataka nifanye nini. "Sitaki kitu. Jumapili tuna ibada ya shukrani. Mchungaji huwa anatoa nafasi."

Kanisa lilijaa. Mzee Saning'o bado yu hai, amekauka, macho yameingia ndani, na alikaa benchi la mbele na fimbo yake. Nafasi ilipotolewa nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikasema kwamba geti la Mzee Saning'o nililikosea mimi, kwamba Loishiye aliniuliza mara mbili nami nikamjibu vibaya, na kwamba nilidanganya mbele ya watu. Vichwa vikageuka. Mama mmoja aliyekaa karibu na mzee akainama kumweleza, naye akamzuia kwa mkono. "Aseme mwenyewe. Sijamsikia. Rudia."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii nikataja jina langu.

Alisimama taratibu akiegemea fimbo, akageuka mpaka akanipata kwa macho. "Loishiye alikuja kwangu wiki ile ile," akasema. "Alikuja na kondoo. Akaniambia, mzee nisamehe, mkono wangu ulipotea, ugomvi huu usiende kwa watoto. Nikampokea. Nikamchinja yule kondoo, nikala mimi na wanangu." Midomo ikamcheza kama ya mtu aliyekutana na kitu kichungu.

"Mama, umenilisha kondoo wa mtu asiye na kosa."